Nzi Habadilishwi

Nimeshakuwa mshenga mara sita. Nimewasemea vijana wa Tukuyu, wa Kyela, hata kijana mmoja wa Makongolosi aliyekuja kuposa huku kucha zake bado zina udongo wa machimbo, na wote sita leo wana wake na watoto wa kuwasumbua. Sijawahi kurudi mikono mitupu. Kwa hiyo nikisema bado nina kinyongo na kidude cha manyoya ya kuku kilichonipokonya kazi yangu kule Mufindi, msinione mtu wa visirani.

Naitwa Jofrey, nauza spea za pikipiki Iyunga, hapa Mbeya. Safari hiyo nilikuwa namsemea mpwa wangu mwenyewe, Ipyana, mtoto wa dada yangu Tumpe. Ni fundi umeme, kijana mpole kupita kiasi, yule wa kuuomba radhi mlango aliojigonga. Alikuwa amempenda nesi anayeitwa Damari, mtoto wa pekee wa Mzee Clement, Mhehe aliyefiwa na mkewe, anayeishi kijiji kimoja mbele ya Mgololo. Miaka mitatu walikuwa wamependana, na Ipyana alishaanza kukonda. Nikaandika barua ya posa kwa mkono wangu, nikaitia kwenye bahasha pamoja na kitambaa cheupe, ikapelekwa. Majibu yalichukua wiki tatu, na yalikuwa mstari mmoja: "Karibuni, kijana aje mwenyewe, na aje na siku zake."

Kwa kawaida kijana haendi kwenye posa yake. Anabaki nyumbani anatetemeka, sisi tunakwenda kusema. Na siku zake ndiyo nini? Tumpe akasema labda Wahehe wanataka kumtazama kama ana afya. Ipyana hakubisha, akaomba likizo ya siku kumi na nne kazini kwake, tukaondoka watatu.

Tulifika mwezi wa Juni, baridi ya kukata masikio, ukungu umelala juu ya miti ya mipaini mpaka huoni paa la jirani. Mzee Clement alitupokea akiwa na koti la mvua na mabuti ya mpira, mrefu, mkavu, mwenye macho ya kukupima. Tukasalimiana kwa Kihehe, kamwene, tukaketishwa, tukapewa ulanzi, ile pombe ya mianzi. Damari akapita kutusalimia kwa magoti, akamwangalia Ipyana mara moja tu, akarudi jikoni. Nikaona wakati umefika. Nikasimama, nikakohoa, nikaanza: "Wazee wangu, sisi ni wapita njia kutoka Mbeya, na katika kupita kwetu tumeona ua..."

"Mshenga, kaa," alisema Mzee Clement. "Utachoka bure. Hapa kwangu anayesema ni nzi."

Nilidhani ulanzi umemzidi. Lakini aliingia ndani akarudi na kopo la biskuti, akalifungua juu ya meza. Ndani kulikuwa na kipande cha godoro, na juu ya kipande hicho wamechomekwa nzi kama arobaini. Sio nzi wa kweli. Ni ndoano ndogo zilizofungwa manyoya ya jogoo, ndevu za mbuzi, nyuzi za sweta, kila moja kwa rangi yake na umbo lake, nyingine na mabawa, nyingine na mkia. Ujanani mzee alifanya kazi kwenye mashamba ya chai, akiwabebea fimbo mabwana waliokuwa wakivua samaki aina ya trauti kwenye mito ya baridi. Hao hawatumii minyoo. Wanamtupa nzi wa kufunga juu ya maji, samaki anadhani chakula kimetua, anakuja. Mzee alijifunza kufunga na kurusha, na baadaye akachimba bwawa lake mwenyewe chini ya nyumba, akaleta trauti kutoka mtoni.

"Kijana atachagua nzi mmoja," akasema. "Mmoja tu. Kesho asubuhi ataanza kurusha. Nzi habadilishwi mpaka jibu lije. Akinipa trauti mmoja wa bwawa langu, tutakaa tuongee."

"Na asipopata?" nikauliza.

"Hatapata akiwa na wasiwasi. Samaki hali manyoya, mshenga. Anakula imani ya mtu aliyeshika fimbo. Mtu wa kubadilisha nzi kila robo saa, samaki wanamjua, hata wake zake watamjua."

Ipyana aliinama juu ya lile kopo muda mrefu. Kulikuwa na nzi wazuri mle! Mmoja wa rangi ya shaba aling'aa kama kifungo kipya, nikamkonyeza amchukue. Yeye akachukua mbaya kuliko wote, kitu cha kijani kilichochakaa, uzi umelegea, bawa moja limekatika, mtu angedhani kimechomolewa kwenye bomba la bafu lililoziba. Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akamshika hivyo hivyo.

Mzee Clement alimgusa yule nzi kwa kidole. "Huyo nilimfunga wiki ya msiba wa mama Damari," akasema. "Mikono ilikuwa inatetemeka. Kwa nini yeye?"

"Amekaa pembeni peke yake, baba," akasema Ipyana.

Jamani, hilo ndilo jibu la fundi umeme mwenye cheti.

Asubuhi akaanza. Mzee alimfundisha: nyuma, subiri, mbele, acha uzi ushuke wenyewe. Siku ya kwanza alinasa mti, akanasa sweta lake, akanasa mbuzi wa jirani. Siku ya pili akaanza kuweza. Siku ya tatu uzi ulikuwa ukipita hewani vizuri mpaka watu waendao kisimani wanasimama kutazama. Samaki hakuna. Siku ya nne hakuna. Kutwa nzima yule nzi wa kijani anatua, anaelea, anavutwa, anatua tena, na maji yametulia tuli, hata povu halitoki. Jioni Ipyana anarudi midomo ya bluu, anakula ugali wake na maharage, anamshukuru mzee, analala.

Mimi nilikuwa nachemka. Kazini kwangu plagi isipowasha unaitoa unaweka nyingine. Huikalii mbele siku nne ukiipa imani. Nilimwambia hivyo Mzee Clement tukiwa tunaota moto.

"Na ukiiweka nyingine pikipiki isiwake?"

"Naweka ya tatu."

"Na ya tatu isipowasha?"

"Basi tatizo sio plagi, ni kabureta."

"Umeona?" akasema, akajimiminia ulanzi. Sikuona chochote.

Siku ya sita nikamwambia Tumpe naenda kumuuliza yule mzee swali moja tu, la kiume: hivi hilo bwawa lina samaki? Dada yangu alinishika koti.

"Kaka, usithubutu! Kumuuliza mkwe kama bwawa lake lina samaki ni sawa na kumfunulia sufuria yake. Tutafukuzwa leo hii."

Ni kweli. Mgeni aliyekuja kuposa hafunui sufuria, hahesabu kuku, haulizi kisima kina maji kiasi gani. Anakula anachopewa na kusifia. Mshenga nayajua hayo kuliko mtu yeyote, na ndiyo maana nilinyamaza, na ndiyo maana nilikaribia kupasuka. Tumpe yeye alichagua maombi. Kila alfajiri alimwekea yule nzi mkono akamkemea pepo wa kutokukamata. Siku ya nane alianza hata kufunga kula kwa ajili yake.

Siku ya tisa nilimwita Ipyana kando ya zizi. Likizo ilikuwa inakwisha. "Mpwa wangu, mzee akienda kunywa chai, badilisha. Nimeshaiba yule wa shaba, ninaye mfukoni."

"Hapana, mjomba."

"Basi tafuta mnyoo! Mnyoo mmoja tu, nani atajua?"

"Mrudishe kwenye kopo, mjomba," akasema, taratibu kabisa, na akarudi kwenye maji. Nikasema moyoni, huyu mtoto atakufa kapera kwa sababu ya adabu. Nilimpenda na nilitaka kumpiga kofi.

Hapo ndipo nilipoamua kufanya kazi yangu. Nikachukua bodaboda mpaka kwenye nyumba moja ya wageni huko mbele kwenye mashamba ya chai, nikamtafuta mpishi, nikamwambia nina mgonjwa anayetamani trauti. Akanitolea mmoja kwenye friza, mgumu kama jiwe. Nikamtia ndani ya koti, karibu na tumbo, ili ayeyuke njiani. Siwatakii safari ile. Nilifika nyumbani Tumpe akaniuliza mbona natetemeka na nanuka.

Alfajiri ya siku ya kumi, ukungu ukiwa mzito, nilijificha kwenye majani upande wa pili wa bwawa. Ipyana alikuwa ameshaanza. Nikangoja nzi atue, nikamsukumia samaki majini, na yeye, badala ya kuzama kidogo kwa heshima, akaelea ubavu, amekakamaa, jicho moja linatazama mbinguni. Nilitaka kulia. Lakini Ipyana alipovuta uzi, ndoano ikapita juu ya samaki, ikanasa mkia. Kwa mara ya kwanza katika siku zote zile, yule nzi alishika kitu.

"Samaki!" nikapiga kelele kutoka kwenye majani. "Samaki jamani! Kijana amepata!"

Mzee Clement alikuja anakimbia, kikombe cha chai mkononi. Ipyana alikuwa amesimama mdomo wazi, samaki anatoka majini kwa kutanguliza mkia, bila kupiga hata pezi moja. Akaniangalia mimi, nimejaa majani kichwani, na nikaona badala ya furaha anataka kuzimia. Mzee akaweka kikombe chini, akamtoa samaki kwenye ndoano. Akamshika kwa mikono miwili, akambonyeza tumbo, akamtazama macho.

"Wa baridi sana huyu," akasema.

"Maji ya Mufindi, mzee," nikajibu.

Akakaa juu ya gogo. Nilijiandaa kuchapwa. Mzee akaokota kikombe chake, akamalizia chai, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wamerudi." Akanyanyuka, akaenda ndani, akashusha darini fimbo yake ya zamani, akaipangusa utando wa buibui kwa mkono wa koti, akarudi akasimama kando ya Ipyana. Akarusha.

"Mzee, na mazungumzo?" nikauliza. "Trauti si huyo?"

"Mtu anaongea mahari samaki wamerudi? Ngoja kwanza."

Sasa wakawa wawili! Siku ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, wamesimama pamoja kwenye tope, uzi huu unakwenda, uzi ule unarudi. Sijaona mtu akirusha kama mzee. Nzi wake alitua bila kuacha hata duara majini. Na mzee yule mkavu akaanza kuongea. Alimsimulia Ipyana habari za mabwana wa chai waliotumbukia mtoni na kofia zao, alimsimulia jinsi mama Damari alivyokuwa akimkuta na fimbo siku ya kupalilia na kumrushia jembe. Alicheka mpaka akakohoa. Mchana wa siku ya kumi na mbili walikula viazi vya kuchemsha pale pale ukingoni, kutoka sahani moja.

Damari alinikuta nyuma ya jiko nimejishika kichwa. Alikuwa amevaa kitenge begani, macho mekundu, na sio moshi.

"Mjomba, yule samaki ulimnunua wapi?"

Mshenga hajibu moja kwa moja, lakini nilishindwa hata kuzunguka. Nikamwambia.

"Baba hajacheka hivi tangu mama afariki," akasema. "Mwambie wewe, mjomba. Mimi siwezi."

Sikulala vizuri. Uongo wangu ulikuwa umemfurahisha mzee wa watu, na kesho kutwa likizo inakwisha, tunaondoka bila mke, tukimwacha na furaha ya samaki wa friza. Niliona aibu, aibu ya kweli, sio ile ya kazini. Siku ya kumi na tatu asubuhi nikashuka bwawani. Tumpe na Damari wakaja nyuma yangu. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuzunguka vilima vitatu, lakini nilipofika yakanitoka haya: "Mzee, yule samaki nilimnunua."

Mzee Clement hakuacha kurusha. Nyuma, akasubiri, mbele. "Kwa mpishi yupi?"

"Wa kule kwenye chai, kwenye nyumba ya wageni."

"Alikuuzia mdogo."

Nikabaki natumbua macho. "Ulijua?"

"Alikuwa na barafu tumboni, mshenga. Nimeshika trauti miaka arobaini."

"Sasa mbona ulisema wamerudi?"

"Nilitaka sababu ya kuishusha fimbo. Miaka kumi na moja sikuwa nayo, ukaniletea. Nikasema siulizi." Akavuta uzi taratibu. "Hili bwawa halina samaki. Walikufa wote mwaka wa ukame, mwezi mmoja baada ya mama Damari. Hata vyura wamepungua."

Hapo ulanzi wote wa siku kumi na tatu ulinipanda kichwani. "Mzee! Umemsimamisha mtoto wetu kwenye tope siku zote hizi, kwenye maji matupu? Umenikalisha mimi, mshenga wa posa sita, nimtazame nzi?"

"Ndiyo," akasema. Aliishusha fimbo. "Niliogopa. Akiondoka Damari, mimi hapa nabaki na nzi arobaini kwenye kopo. Nikasema nitampa kijana kazi isiyokwisha, achoke mwenyewe, aondoke kwa miguu yake, nisiwe mimi niliyemkatalia. Walikuja wawili kabla yake. Siku ya tatu walikuwa wameshabadilisha nzi mara ishirini na kupanda basi." Akamgeukia Ipyana. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuficha."

Ipyana alikuwa bado anarusha. Nzi wake wa kijani alikuwa amebaki nyuzi mbili tu na kutu.

"Hukunificha, baba," akasema. "Damari aliniambia jioni ile ya kwanza."

Nikamtazama Damari. Damari akatazama majani.

"Jioni ya kwanza?" akauliza mzee. "Ulijua hakuna samaki?"

"Nilijua."

"Sasa siku kumi na tatu ulikuwa unavua nini?"

Ipyana alifikiri, kama anavyofikiri mbele ya nyaya. "Ulisema nzi habadilishwi mpaka jibu lije," akasema. "Nilikuwa nakusubiri wewe, baba."

Mzee Clement alijipangusa uso kwa mkono wa koti la mvua, ambalo halikaushi chochote, akazidi kujilowesha. Tumpe alikuwa analia waziwazi, na mimi pia, lakini mimi nilisema ni baridi. Kisha mzee akamwita Damari amletee stuli kutoka ndani, akaiweka kwenye tope mbele yangu, akaipangusa.

"Mshenga," akasema, "kaa kwenye kiti chako. Sasa sema."

Nikakaa. Siku kumi na tatu nilikuwa nimeyabeba maneno yangu, la ua, la bustani, la wapita njia wenye kiu. Nikafungua mdomo na sikuyakuta hata moja.

"Mzee," nikasema, "tunamtaka Damari."

"Mchukueni," akasema. "Mahari mtaleta mnavyoweza. Lakini kila Juni mtakuja wiki nzima, wote, na nzi wenu."

Hii Juni ilikuwa ya tatu. Damari alikuja na mimba kubwa, Tumpe akaja na Biblia na mabuti, Ipyana na yule kijani wake, ambaye sasa kusema kweli ni ndoano tupu. Mimi nina wangu mweusi, wa manyoya ya jogoo wa Iyunga, nilimfunga mwenyewe kwa uzi wa shaba wa koili. Anaelea vibaya, anageuka kichwa chini, na mzee anasema hajaona nzi wa ovyo kama huyo tangu azaliwe. Simbadilishi.

Juzi mteja mmoja alikuja dukani kununua plagi, akaona picha yetu ukutani, tumejipanga ukingoni watano na fimbo zetu. Akaniuliza kama bwawa lile lina samaki. Nilimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. Watu wengine hawakufundwa kwao.